Ranganathan na Sheria Tano za Maktaba

Kwa nini maktaba ifungwe saa kumi jioni, wakati wafanyakazi ndio kwanza wanatoka kazini? Mara nyingi jibu huwa kwamba ndio utaratibu. S. R. Ranganathan hakuridhika na jibu hilo. Alitaka misingi ambayo kila utaratibu ungepimwa nayo.

Alikuwa mwalimu wa hisabati. Mwaka 1924 aliteuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, India, akapelekwa London kujifunza kazi. Mwaka 1931 alichapisha sheria tano: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji apate kitabu chake, kila kitabu kipate msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua.

Zinaonekana nyepesi mpaka zianze kutumika. Ya kwanza hufungua rafu na kurefusha saa za kazi. Ya pili hudai maktaba ya umma, maana msomaji si mwenye elimu au mali peke yake. Ya tatu humtaka mkutubi asingoje kuulizwa, bali avitafutie vitabu wasomaji. Ya nne hugusa katalogi na foleni ya kuazima. Ya tano huonya kwamba rafu zitajaa na maarifa mapya yatadai nafasi.

Namna ya kuyapa nafasi aliionyesha mwaka 1933, katika Uainishaji wa Nukta Pacha, mfumo wake wa kupanga vitabu kwa mada. Mfumo wa uainishaji wa Dewey huorodhesha mada na kuzipa nambari. Mada mpya hulazimika kutafutiwa pa kukaa. Ranganathan alikuwa ameona katika duka la London vipande vya Meccano, ambavyo mtoto huviunga apate gari, kisha huvifungua apate daraja. Akaamua kuunda mada kwa njia hiyo. Kitabu kuhusu kutibu kifua kikuu cha mapafu kwa eksirei nchini India kina sehemu ya mwili, ugonjwa, tiba na mahali. Kila kipengele kina alama yake, na mkutubi huziunganisha.

Alama hizo ni ndefu, na nje ya India maktaba chache ziliutumia mfumo wenyewe. Wazo lake limesambaa zaidi: anayechuja viatu mtandaoni kwa saizi, rangi na bei anatafuta kwa vipengele.

Sheria tano, kwa upande wake, hazihitaji mfumo mpya. Mkuu wa maktaba anaweza kuanza na kanuni moja tu, iwe ya faini au ya idadi ya vitabu vya kuazima, akauliza inamsaidia msomaji yupi na inamzuia yupi.