Kutoka Lebo ya Mchoro Hadi Urefu wa Nondo

Katika mchoro wa zege lenye nondo, maandishi hubeba habari nyingi kuliko mistari. Mstari mmoja uliochorwa katikati ya slebu husimama badala ya nondo 31 zilizolazwa sambamba, na anayetaka kujua kuwa ni 31 lazima asome lebo iliyo kando yake: 31Y12-05-200 B1. Fundi nondo mzoefu huisoma bila kusita. Nondo ni 31, chuma ni cha nguvu ya juu, kipenyo ni milimita 12, alama yake ni 05, zinapangwa kila baada ya milimita 200, na zinalala kwenye safu ya nje ya upande wa chini. Mpangilio huo wa lebo umetokana na desturi ya uchoraji ya Uingereza, ambayo wahandisi wengi wa Tanzania, Kenya na Uganda walifundishwa nayo.

Kwa muda mrefu, kazi ya kuzigeuza lebo hizo kuwa urefu na uzito imefanywa kwa macho na kikokotoo. Mkadiriaji majenzi huchapisha mchoro, huweka alama ya rangi kwenye kila lebo aliyokwisha kuihesabu, kisha hujaza jedwali la nondo: sehemu ya jengo, alama, aina na kipenyo, idadi, urefu wa nondo moja, umbo, na jumla. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Idadi huzidishwa kwa urefu, na jumla ya mita huzidishwa kwa uzito wa mita moja, ambao hupatikana kwa kuchukua kipenyo kwa milimita, kukizidisha kwa chenyewe na kugawa kwa 162. Namba 162 inatokana na msongamano wa chuma, kilo 7,850 kwa mita ya ujazo. Ndiyo maana nondo ya milimita 8 huwa na kilo 0.395 kwa mita, ya 12 kilo 0.888, na ya 16 kilo 1.58. Kompyuta humaliza hesabu hiyo kabla mtu hajanyanyua kalamu. Kinachoipa shida ni kusoma.

Programu ya kuchora kama AutoCAD huhifadhi kila andiko kama kitu chenye sifa zake. Katika faili la DXF, aina ya faili iliyoanza pamoja na AutoCAD mwaka 1982, kila sifa hutanguliwa na namba ya utambulisho: 8 ni leya, 10 ni mahali andiko lilipowekwa, 40 ni kimo cha herufi, na 1 ni maneno yenyewe. Programu ndogo iliyoandikwa kwa AutoLISP au Python huweza kupita faili zima, kuokota kila kitu chenye maandishi na kukipeleka kwenye hatua ya kusomwa. Hapo mitego huanza kujitokeza. Andiko la mstari mmoja huja likiwa safi, lakini andiko la mistari mingi huja limefungwa ndani ya alama za fonti na rangi, na mwisho wa mstari ndani yake huandikwa \P. Alama ya kipenyo inayoonekana kwenye skrini kama Ø huenda ndani ya faili ikawa %%c. Maandishi yaliyo ndani ya bloku hayaonekani kabisa kwa programu inayotazama juu juu, ingawa mtu anayaona wazi kwenye karatasi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kusafisha: kuondoa mapambo yote hadi yabaki maneno matupu.

Baada ya kusafishwa, lebo hulinganishwa na ruwaza. Ruwaza ni maelezo ya umbo la andiko: tarakimu kadhaa, herufi moja ya aina ya chuma, tarakimu moja au mbili za kipenyo, kistari, alama, kistari, nafasi. AutoLISP ina amri yake ya kulinganisha, wcmatch, ambamo # husimama badala ya tarakimu yoyote na @ badala ya herufi yoyote. Hapo lebo za mtindo wa Y12@200, ambazo zimejaa katika michoro ya Afrika Mashariki, huleta sokomoko, kwa sababu @ ya mchoraji ni ishara halisi na @ ya AutoLISP ni kiwakilishi. Kabla ya @ halisi lazima iwekwe alama ya ` ili amri isichanganyikiwe.

Herufi ya chuma nayo ina historia inayosumbua. R ni chuma laini. Chuma cha nguvu ya juu kiliandikwa T katika michoro ya Uingereza, nayo H ikachukua nafasi hiyo tangu kanuni ya BS 8666 ya mwaka 2005, huku Y ikiendelea kutumika katika ofisi nyingi za Afrika Mashariki. Herufi T pia humaanisha safu ya juu, kama B inavyomaanisha ya chini. Lebo 20T16-03-150 T1 ina T mbili zenye kazi mbili tofauti, na programu inayotafuta T popote ilipo itaikuta T1 na kuhesabu nondo ya milimita 1. Dawa ni kuzingatia nafasi ya herufi katika lebo, na kukataa kipenyo chochote kisichokuwemo katika orodha ya 6, 8, 10, 12, 16, 20, 25, 32 na 40. Kinga hiyo ya orodha ni rahisi kuiandika, nayo hunasa makosa mengi kuliko ujanja wowote wa ruwaza, pamoja na lile la herufi O kuandikwa mahali pa sifuri.

Lebo iliyosomwa vizuri bado haijataja urefu. Baadhi ya wachoraji huongeza L=4350 mwishoni, na hapo hakuna la kutafuta. Wengine huacha urefu uonekane kwenye mstari wa nondo uliochorwa, hivyo programu inalazimika kuamua lebo ni ya mstari upi. Njia ya kawaida ni kutafuta mstari ulio karibu zaidi katika leya ya nondo, na huwa nzuri kwenye mchoro wenye nafasi, lakini kwenye makutano ya boriti na nguzo ambako lebo zimesongamana hukosea bila kutoa dalili. Mshale unaounganisha lebo na mstari wake ni ushahidi bora kuliko ukaribu. Chanzo cha tatu ni vipimo. Kipimo katika DXF kina sura mbili: namba 42 hushika urefu uliopimwa na programu, na namba 1 hushika maneno aliyoyaandika mchoraji kwa mkono kuuficha urefu huo. Mchoraji aliyebadilisha 4350 kuwa 4500 kwa maandishi bila kuunyoosha mstari ameacha kweli mbili ndani ya faili moja. Programu haina busara ya kuchagua kati yake. Inachoweza ni kuzionyesha zote mbili kwa mhandisi.

Mikunjo ndiyo sehemu ambayo programu za haraka haraka huiruka. Vipimo vya nondo iliyokunjwa hutolewa nje hadi nje, lakini chuma hupita kwa mzingo kwenye kona, hivyo urefu wa kukata ni mdogo kuliko jumla ya pande. BS 8666 ina fomula kwa kila umbo, na nusu kipenyo cha mkunjo, r, ni mara 2 ya kipenyo cha nondo hadi milimita 16, na mara 3.5 kuanzia milimita 20. Umbo la 11, lenye kona moja, ni A + B − 0.5r − d. Umbo la 51, yaani ringi, ni 2(A + B + C) − 2.5r − 5d, ambapo C ni ncha inayokunjiwa ndani.

Boriti ya milimita 230 kwa 450 yenye kava ya 25, yaani unene wa zege linaloifunika nondo, inatoa mfano mzuri. Ringi ya nondo ya milimita 8 itakuwa na A ya 400 na B ya 180, na ncha ndogo kabisa inayoruhusiwa ni 115. Anayejumlisha pande tu hupata milimita 1,390. Fomula inapunguza 40 za mzingo na 40 za kipenyo, inabaki 1,310, na kanuni inataka urefu upandishwe hadi kigawe cha 25 kinachofuata, yaani 1,325. Tofauti ya milimita 65 yaonekana ndogo hadi nondo ya mita 12 ilazwe chini ya msumeno: kwa 1,390 hutoka ringi 8, kwa 1,325 hutoka 9, ikiwa nondo imefika mita 12 kweli. Boriti ya mita 6 yenye ringi kila baada ya milimita 150 huhitaji ringi 41. Hesabu ya kwanza inanunua nondo 6, ya pili 5.

Mfano huo unagusa kasoro ya majedwali mengi yanayotolewa na programu, nayo ni kuishia kwenye jumla ya mita. Slebu ya mita 4.4 kwa 6 yenye lebo ya 31Y12-05-200 na urefu wa 4,350 inahitaji mita 134.85, sawa na kilo 119.7. Mita hizo zikigawanywa kwa 12, jibu baada ya kupandisha ni nondo 12. Lakini nondo moja ya mita 12 hutoa vipande viwili tu vya mita 4.35, na inabaki mita 3.3 isiyotosha kipande cha tatu. Kinachohitajika dukani ni nondo 16, zenye kilo 170.5. Je, masalio 15 ya mita 3.3 ni hasara? Yakipatiwa kazi kwenye linta au kwenye slebu ndogo, si hasara, na kuyatafutia kazi ni tatizo la hisabati linalojitegemea. Gilmore na Gomory walilichapishia njia ya utatuzi mwaka 1961. Kwa nyumba ya kawaida inatosha programu ipange vipande kuanzia virefu, na ijaribu kila kinachofuata kwenye salio lililopo kabla ya kufungua nondo mpya. Nondo ndefu kuliko mita 12 hugawanywa, na kila kiungo huongezewa mapishano, ambayo wahandisi huyataja kwa vipenyo: mapishano ya vipenyo 50 kwa nondo ya milimita 12 ni milimita 600.

Kuhesabu mara mbili ni hatari nyingine. Nondo 05 huonekana kwenye ramani ya slebu na pia kwenye mkato. Desturi njema ya uchoraji huandika lebo kamili mara moja tu, na mkato huonyesha alama peke yake, lakini wapo wanaonakili lebo nzima kila mahali. Programu hutumia alama kama ufunguo: 05 ikijitokeza tena ikiwa na maelezo yaleyale hupuuzwa, ikija na maelezo tofauti hupelekwa kwenye orodha ya mabaki. Humo huingia pia lebo zisizosomeka, zisizopata mstari, na zenye maneno kama “juu na chini” yanayohitaji idadi iongezwe maradufu. Programu isiyotoa orodha hiyo haifai kuaminiwa, hata jedwali lake likiwa safi kiasi gani, kwa sababu lebo iliyorukwa kimya kimya haiachi pengo linaloonekana.

Lebo pia hujikagua yenyewe. Ikiwa upana wa kupanga nondo ni milimita 6,000 na kava ni 25 kila upande, zinabaki 5,950. Kwa nafasi ya 200 hutoka nafasi 30 baada ya kupandisha, na nondo 31. Mhandisi akiamua baadaye nafasi iwe 175, zinatakiwa nondo 35. Mchoraji mwenye haraka hubadilisha 200 na kusahau 31, na lebo inasomeka 31Y12-05-175 B1. Ruwaza inaikubali, kipenyo kimo kwenye orodha, na urefu haujabadilika. Inayoinasa ni hesabu ya upana kugawanywa kwa nafasi, na jedwali jipya linapolinganishwa na la awali kwa alama moja moja, mstari wa 05 hujitokeza ukiwa na upungufu wa nondo 4.