SOKSI ZA WATOTO WA SHULE: DUKA LA USHIRIKA LIAGIZE ZIPI?

Kila mwaka shule zinapokaribia kufunguliwa, soksi za watoto huwa miongoni mwa bidhaa zinazoulizwa sana katika maduka ya vyama vya ushirika. Ni bidhaa ya bei ndogo, na kwa sababu hiyo mara nyingi huagizwa bila kufikiriwa. Katibu hupokea orodha ya bei kutoka kwa muuzaji wa jumla, huchagua dazeni iliyo rahisi kuliko nyingine, na shauri huishia hapo. Lakini mzazi mwenye watoto wanne shuleni ambaye hulazimika kumnunulia kila mmoja jozi mpya mara nne kwa mwaka, amekwisha kulipia jozi 16. Nacho chama kilichojaza bohari soksi zinazotoboka kabla ya muhula kwisha, kimepoteza fedha za wanachama pamoja na imani yao. Kwa hiyo yafaa ieleweke ni kitu gani kinachoifanya soksi idumu, na ni vipi chama cha msingi kinaweza kuitambua soksi imara kabla fedha hazijatoka.

MAHALI SOKSI INAPOANZA KUCHAKAA

Soksi haichakai yote kwa mara moja. Kwa kawaida hutoboka kwenye kisigino, kwenye ncha ya vidole, au chini ya unyayo karibu na dole gumba. Sehemu ya nne ni ukingo wa juu, ambao hautoboki bali hulegea, na soksi ikawa inateremka ndani ya kiatu. Sehemu iliyobaki, yaani ile inayofunika muundi, mara nyingi huwa bado nzima siku soksi inapotupwa. Maana yake ni kwamba uimara wa soksi haupimwi kwa unene wa sehemu inayoonekana dukani, bali kwa sehemu hizo nne zinazofanya kazi.

Sababu kubwa ya kutoboka ni msuguano. Mtoto hukimbia, huruka na hutembea njia ya vumbi. Chembe za mchanga zinazoingia katika kiatu hukwama kati ya nyuzi na kufanya kazi ya msasa. Kucha ndefu, kiatu ambacho bitana yake ya ndani imechanika, na desturi ya kuvua viatu na kucheza kwa soksi peke yake, huongeza madhara hayo. Ikumbukwe pia kwamba soksi haikufumwa kama kitambaa cha shati. Imefumwa kwa vitanzi vilivyoshikana, kimoja ndani ya kingine. Uzi mmoja ukikatika, vitanzi vya jirani hukosa mshiko, na tundu dogo la asubuhi huweza kuwa kubwa ifikapo jioni.

PAMBA PEKE YAKE HAITOSHI

Neno hili laweza kuwa gumu kwa mkulima wa pamba wa Mwanza, Shinyanga au Simiyu, lakini ni kweli. Soksi ya pamba tupu ni nzuri kwa mguu, ila haishindi zote kwa kudumu. Pamba hunyonya jasho. Katika hewa yenye unyevunyevu wa wastani, pamba hubeba maji yapatayo asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, nailoni asilimia 4 hivi, na poliesta chini ya asilimia 1. Mguu wa mtoto ndani ya soksi yenye pamba ya kutosha hukaa vizuri zaidi wakati wa joto. Hata hivyo nyuzi za pamba ni fupi, na zikisuguliwa kwa muda hukatika na kupukutika.

Nailoni, iliyogunduliwa nchini Marekani mwaka 1935 na Wallace Carothers katika maabara ya kampuni ya DuPont, ina sifa iliyo kinyume cha hiyo. Hainyonyi jasho vizuri, lakini hustahimili msuguano kuliko pamba. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huchanganya vyote viwili: pamba kwa ajili ya mguu, nailoni kwa ajili ya kudumu. Huongezwa kiasi kidogo cha uzi wa kunyumbuka, uliobuniwa mwaka 1958, ili soksi iushike mguu bila kuubana.

Kwa soksi za shule, mchanganyiko wa kufaa ni pamba asilimia 70 hadi 80, nailoni asilimia 15 hadi 25, na uzi wa kunyumbuka asilimia 2 hadi 5. Lebo nyingi huandikwa kwa Kiingereza, hivyo katibu ajue kwamba “cotton” ni pamba, “polyamide” ni nailoni, na “elastane” au “spandex” ni uzi wa kunyumbuka. Soksi isiyo na pamba kabisa huweza kudumu, lakini humwacha mtoto na mguu uliolowa jasho siku nzima, na ngozi iliyolowa haikawii kupata malengelenge na ukurutu kati ya vidole.

NAMBA ISIYOFAA HUHARIBU SOKSI NZURI

Soksi iliyo ndogo huvutwa kila hatua, na vidole huitoboa upesi. Iliyo kubwa hujikunja ndani ya kiatu, kisigino chake hupanda juu ya kifundo, na sehemu isiyoimarishwa ndiyo inayosuguliwa. Mguu wa mtoto wa shule ya msingi hurefuka kwa kadiri ya sentimita 1 kwa mwaka, kwa hiyo namba ya mwaka jana haiaminiki. Duka liweke rula kaunta, na mtoto apimwe akiwa amesimama, kuanzia nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu. Vilevile chama kisiagize soksi za namba moja inayosemwa kuwa humfaa kila mtoto. Soksi ya namna hiyo kwa mtoto mkubwa hukaa imevutika wakati wote.

MAJARIBIO SITA YA KUFANYA KABLA YA KUAGIZA

Muuzaji wa jumla anayetaka kuuza dazeni nyingi hatakataa kutoa jozi chache za mfano. Katibu, pamoja na mjumbe mmoja wa Bodi, wafanye majaribio yafuatayo:

1. Kutazama kwa mwanga. Mkono uingizwe ndani ya soksi na vidole vitanuliwe kwenye kisigino. Ikiwa ngozi inaonekana kwa urahisi, kisigino hakikuimarishwa. Ncha ya vidole ijaribiwe vivyo hivyo.

2. Kugeuza ndani nje. Mshono wa vidole uwe bapa, na nyuzi zisiwe zimeachwa zikining'inia. Mshono mnene humchubua mtoto.

3. Kuvuta ukingo. Ukingo wa juu uvutwe hadi upana wake uwe maradufu, kisha uachiwe. Jambo hilo lirudiwe mara 20. Ukingo usiorudi katika upana wake wa awali utalegea baada ya kufuliwa mara chache.

4. Kupima kwa mizani. Dazeni moja ya kila aina, kwa namba ileile, iwekwe kwenye mizani ya duka. Aina iliyo nyepesi sana imepunguziwa uzi. Uzito peke yake hauthibitishi ubora, lakini wepesi unatosha kumtilia muuzaji shaka.

5. Kuunguza uzi. Lebo ikitiliwa shaka, uzi mmoja uchomolewe kisigino na uunguzwe kwa kiberiti juu ya kisahani. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu. Uzi wa mchanganyiko huonyesha dalili zote mbili.

6. Kufua. Soksi ipimwe kwa rula, ifuliwe mara tatu na kukaushwa, kisha ipimwe tena. Iliyofupika kwa zaidi ya sentimita 1 itawaletea wazazi malalamiko.

Zikibaki aina mbili zinazolingana, mtihani wa haki ni miguu ya watoto wenyewe. Watoto 10 wa wanachama wapewe soksi za rangi moja, kila mtoto avae aina ya kwanza mguu mmoja na aina ya pili mguu mwingine. Watano waivae aina ya kwanza mguu wa kulia, na watano mguu wa kushoto, kwa kuwa mguu mmoja huweza kufanya kazi kuliko mwenzake. Alama ndogo ya uzi itiwe ndani ya ukingo ili aina zisichanganyike. Kwa njia hiyo kila aina hupita njia ileile, vumbi lilelile na sabuni ileile. Baada ya wiki nane soksi zote zikusanywe na kulinganishwa mezani mbele ya Bodi.

BEI YA DAZENI NA BEI YA MWEZI

Ichukuliwe kwa mfano wa hesabu tu kwamba soksi ya kwanza inauzwa shilingi 1,000 na kudumu miezi 2, na ya pili inauzwa shilingi 1,800 na kudumu miezi 6. Dukani ya kwanza inaonekana rahisi. Lakini ya kwanza inamgharimu mzazi shilingi 500 kwa mwezi, na ya pili shilingi 300. Kwa muda wa mwaka mmoja mzazi atatumia shilingi 6,000 kwa ile iliyoitwa rahisi, na shilingi 3,600 kwa ile iliyoitwa ghali. Tofauti ni shilingi 2,400 kwa mtoto mmoja. Kwa chama chenye watoto 200 wa shule, ni shilingi 480,000 zinazobaki mikononi mwa wanachama. Hesabu hii ibandikwe dukani ili mwanachama aelewe kwa nini duka lake halikuleta soksi ya bei ya chini kabisa.

UTUNZAJI NYUMBANI

Wazazi nao wana sehemu yao. Soksi zigeuzwe ndani nje na kukung'utwa kabla ya kufuliwa, ili mchanga utoke. Zikamuliwe kwa kubanwa, wala zisisokotwe. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo isitumiwe kwa soksi nyeupe, kwa sababu hudhoofisha nailoni na uzi wa kunyumbuka. Zianikwe kivulini penye upepo, wala zisipigwe pasi ya moto mkali. Ni vyema pia mzazi anunue jozi tatu za aina moja na rangi moja. Soksi moja ikitoboka hubaki tano, yaani jozi mbili kamili na moja ya akiba.

Tundu lishonwe lingali dogo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Lisivutwe na kukunjwa pamoja, maana fundo litamchubua mtoto. Kibuyu kidogo laini kiingizwe ndani ya soksi, nyuzi zipitishwe kwanza kwa urefu, kisha kwa upana, juu na chini ya zile za kwanza, mpaka tundu lizibwe kama mkeka.

WAKATI WA KUAGIZA

Katika mikoa ya pamba msimu wa ununuzi huanza kwa kawaida mwezi Mei, nazo shule hufungua mwaka mpya Januari. Katikati ya miezi hiyo fedha za mkulima huwa zimekwisha kupata matumizi mengine, na Desemba bei hupanda. Basi chama kiombe mifano mwezi Juni, kifanye majaribio Julai na Agosti, na kuagiza Septemba. Katika hati ya kuagizia iandikwe asilimia ya pamba na nailoni, namba zinazohitajika, na sharti kwamba mzigo usiolingana na mfano utarudishwa kwa gharama ya muuzaji. Jozi moja ya mfano itiwe sahihi na pande zote mbili na kufungiwa katika kabati la katibu. Mzigo ukifika, ufunguliwe mbele ya mashahidi na kulinganishwa na jozi hiyo kabla ya malipo ya mwisho.

Mzazi mmoja mmoja hawezi kumwambia mwenye kiwanda aimarishe kisigino cha soksi. Chama kinachoagiza dazeni 100 kwa pamoja chaweza.