Mfereji wa Nyongo na Nauli ya Mkulima

Mkulima wa Igamba, wilayani Mbozi, anapoona macho yake yamekuwa ya manjano, mkojo umekoza kama chai ya rangi, choo kimekuwa cheupe na mwili unamwasha usiku kucha, wapo watakaomwambia ni malaria, na wapo watakaomwambia amerogwa. Huenda si hili wala lile.

Nyongo hutengenezwa na ini, ikapita katika mfereji mwembamba hadi utumboni. Saratani ya kongosho, ya kifuko cha nyongo au ya mfereji wenyewe huweza kuiziba njia hiyo, na nyongo ikakosa pa kwenda ila kurudi katika damu. Mara nyingi mwanzoni hakuna maumivu, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakachelewa.

Hata pale ambapo saratani haiwezi kukatwa, matabibu hawajaishiwa na la kufanya. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Hamburg, Ujerumani, daktari Nib Soehendra alipitisha kibomba cha plastiki kinywani mwa mgonjwa hadi katika mfereji uliozibwa, pasipo kumpasua. Kibomba hicho huitwa stenti. Iko pia njia ya ubavuni, ambapo sindano huongozwa kwa picha hadi ndani ya ini. Mwaka 2018 madaktari wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walianza kushirikiana na wenzao wa Muhimbili kufundisha utaalamu huo nchini. Stenti haiponyi saratani. Humwondolea mgonjwa mwasho na manjano, ikamrudishia hamu ya chakula na kumwezesha kutibiwa zaidi.

Stenti ziko za namna mbili. Ya plastiki ni rahisi kwa bei, lakini huziba baada ya miezi mitatu hivi, na ikiziba huleta homa kali ya kutetemesha inayoweza kuua. Ya wavu wa chuma ni ghali, lakini hudumu muda mrefu zaidi. Kwa kuwa ile isiyofunikwa haiondoleki kwa urahisi, haina budi saratani ithibitishwe kwanza.

Hapa ndipo tunapotaka hesabu ifanywe kwa haki. Kutoka Igamba hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800. Anayeishi karibu na hospitali aweza kurudi kubadilishiwa plastiki. Wa Igamba atauza shamba kwa nauli, au atabaki nyumbani na homa yake. Basi bei ya stenti isihesabiwe peke yake. Ihesabiwe pamoja na safari.

Tunatoa wito kwa wahusika kuhakikisha kwamba utaalamu huu unakita mizizi katika hospitali za rufaa za kanda, ikiwemo ya Mbeya. Kwa wananchi tunasema: macho yakigeuka manjano, nendeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kuchelewa ndiko kunakoipa saratani nafasi ya kuenea.