Kutoka Kinshasa hadi Charlotte: Tshimanga Biakabutuka na bei ya mpira wa Marekani

Mwezi wa saba 2012, kisha tena tarehe 13 mwezi wa sita 2022, waasi wa M23 walipouteka mji wa Bunagana, wakaaji wengi walivuka mpaka kwa miguu na kuingia Kisoro, Uganda. Wengi walipokelewa kwanza Nyakabande, na kutoka hapo wengine walipelekwa kambi ya Nakivale. Baada ya miaka mingi ya kungoja, kuna familia za Kivu ya Kaskazini zilizopata karatasi za kwenda kuishi Marekani. Tangu mwezi wa kwanza 2025 mlango huo umefungwa kwa sehemu kubwa, lakini waliotangulia wako huko na watoto wao wanasoma huko.

Mtoto wa kiume mwenye mabega mapana na mbio, katika shule za huko, hachelewi kuitwa na kocha. Haitwi kwenye mpira tunaoujua sisi. Anaitwa kwenye mpira wa Marekani, mchezo wa watu 11 kila upande, wenye kofia ngumu kama za madereva wa pikipiki, wanaogombea mpira wenye umbo la yai. Timu inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani kama mita 9. Ikishindwa, wapinzani wanachukua mpira. Ikifika mwisho wa kiwanja inapata pointi 6. Katikati ya hayo yote, watu wanagongana kwa nguvu zote, na sheria inaruhusu.

Mzazi aliyekua Rutshuru au Goma ana haki ya kuuliza: mchezo huu umewahi kumpa nini Mkongomani? Jibu liko Charlotte, mji wa jimbo la North Carolina, moja ya majimbo yaliyopokea familia za Wakongomani. Hapo kuna timu iitwayo Carolina Panthers, iliyocheza msimu wake wa kwanza mwaka 1995. Nembo yake ni chui mweusi, na kwa watu wa nchi ya Léopards hilo si jambo geni.

Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwezi wa kwanza 1974. Ulikuwa mwaka mkubwa kwa Zaire: Léopards walichukua kombe la Afrika kule Misri, wakaenda kombe la dunia Ujerumani, na mwezi wa kumi Muhammad Ali akampiga George Foreman mjini Kinshasa. Mtoto huyo hakukaa kuyakumbuka. Akiwa bado mtoto, familia yake ilihamia Kanada, upande wa Montréal, wanakosema Kifaransa. Huko ndiko alikojifunza mchezo huu, kisha Chuo Kikuu cha Michigan kikamchukua. Wamarekani walishindwa na jina Tshimanga, wakamwita Tim.

Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1995, Michigan ilicheza na mahasimu wao wa siku zote, Ohio State, ambao hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu ule. Siku hiyo Tshimanga alikimbia na mpira yadi 313, karibu mita 286, huku watu wazito wakimrukia kila hatua. Michigan ilishinda 31 kwa 23. Msimu ulipoisha alikuwa na yadi 1,818, rekodi ya chuo hicho kwa msimu mmoja. Mashabiki wa Michigan wenye umri mkubwa wanaitaja mechi ile mpaka leo.

Mwaka 1996 Panthers walimchagua akiwa mchezaji wa nane kati ya vijana wote walioingia ligi ya kulipwa mwaka huo. Alicheza mechi nne tu. Kano ya goti ikakatika, msimu ukaishia hapo. Kiti chake kilichukuliwa na Anthony Johnson, aliyekimbia zaidi ya yadi 1,000, na timu changa ya miaka miwili ikafika mechi moja tu kabla ya fainali kuu, Tshimanga akitazama kutoka pembeni.

Goti lilipona, lakini maumivu mengine yalifuata. Mwaka 1999, ugenini Washington, alifunga mara tatu katika robo ya kwanza pekee, na bado timu yake ikafungwa 38 kwa 36. Mwaka 2001 aliumia vibaya mguu na hakurudi tena uwanjani. Alikuwa na miaka 27. Hesabu yake ya misimu sita ni yadi 2,530. Kwa mtu aliyechaguliwa wa nane, Wamarekani wanasema ni kidogo. Labda, lakini magoti yalikuwa yake, si yao. Baadaye aliingia biashara ya migahawa ya kuku wa kukaanga upande wa Augusta, jimbo la Georgia.

Hata hivyo, ukiuliza watu wa Charlotte jina kubwa zaidi la timu yao, wengi watasema Sam Mills. Alikuwa mfupi kwa mchezo huu, karibu mita 1.75, timu zilimkataa, na kwa muda alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 2003, akiwa tayari kocha, aligundulika na kansa. Aliendelea kufanya kazi, na mwanzoni mwa 2004 aliwaambia wachezaji waendelee kupiga bila kuacha. Maneno hayo yakawa wito wa timu. Alifariki mwezi wa nne 2005. Sanamu yake iko nje ya uwanja, na jezi yake namba 51 haivaliwi na mtu.

Wapo pia Julius Peppers, na Cam Newton aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015 na kuwafikisha Panthers fainali, wakafungwa na Denver 24 kwa 10. Kombe lenyewe Panthers hawajalipata kamwe.

Lakini mzazi wa Kivu amtazame zaidi Luke Kuechly, beki aliyekuwa bora wa ligi mwaka 2013. Aligongwa kichwa mara kadhaa. Mwezi wa kumi na moja 2016 alitolewa uwanjani akilia mbele ya mamilioni ya watazamaji. Mwezi wa kwanza 2020 aliacha mchezo, na miaka yake 28 tu.

Aliyefungua macho ya watu kuhusu hatari hiyo ni Mwafrika, daktari Bennet Omalu wa Nigeria, aliyechunguza ubongo wa mchezaji marehemu Mike Webster mwaka 2002. Mwaka 2017 watafiti wa Boston walitangaza kwamba, kati ya bongo 111 za wachezaji wa zamani wa ligi hiyo walizopima, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Ni kweli familia nyingi zilitoa bongo hizo kwa sababu tayari ziliona dalili. Hata hivyo hesabu hiyo inatisha.

Kabla mtoto hajavaa kofia, shule nyingi za Marekani hutaka apimwe na daktari na mzazi atie sahihi kwenye karatasi. Karatasi hiyo mara nyingi ni ya Kingereza, na kijana mwenye hamu ya kucheza si mtafsiri mzuri. Mzazi anaweza kuomba shule imletee mkalimani wa Kiswahili, bila kulipa chochote, kabla ya kuweka sahihi yake.