Kwa Nini Sangara Mkubwa Mno Aachwe Majini?

Akiba ya samaki yafanana na fedha iliyowekwa benki. Mwenye fedha akitumia faida peke yake, mtaji hubaki; akila mtaji, faida nayo hupungua mwaka hadi mwaka. Faida ya ziwa ni samaki wanaozaliwa na kukua. Mtaji wake ni wazazi.

Hebu tuchukue mfano wa sangara wa Ziwa Victoria. Samaki huyu alipandikizwa humo katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 aliongezeka mno, akawapunguza furu aliowala, na kuzaa biashara kubwa ya minofu. Wavuvi na nyavu wakaongezeka, na sangara wakubwa wakawa adimu.

Uvuvi huweza kupita kiasi kwa namna mbili. Kwanza, samaki huvuliwa kabla hajakua. Uzito wake hufuata takriban kipeo cha tatu cha urefu: sangara wa sentimita 50 ana uzito kama mara nane ya yule wa sentimita 25. Amvuaye mapema hupoteza chakula kingi. Pili, wazazi huondolewa hata watoto wakawa haba. Jike kubwa la sangara hutaga mamilioni ya mayai, na majike huchelewa kupevuka kuliko madume.

Ndiyo maana Tanzania, Uganda na Kenya zilikubaliana kwamba viwanda visipokee sangara aliye chini ya sentimita 50 wala aliyezidi sentimita 85. Mpaka wa chini humpa samaki nafasi ya kukua. Mpaka wa juu humlinda mzazi aliyenusurika. Macho ya wavu nayo husaidia: wavu wa inchi 7 huwaachia wachanga wapite, lakini kokoro huburuta kila kitu katika maji mafupi wanamokulia.

Hata hivyo, ziwa ni moja na serikali ni tatu. Tanzania ina asilimia 51 ya eneo lake, Uganda 43, Kenya 6. Anayemwacha sangara mchanga leo hana hakika ya kumvua yeye mwenyewe kesho. Kwa hiyo mwaka 1994 nchi hizo zilitia saini mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria, lenye makao yake Jinja. Lakini kanuni huvuja pale soko linaponunua wachanga waliokataliwa kiwandani, na pale bei ya mabondo inapowafanya wazazi wakubwa wawindwe zaidi.

Mwalimu aliye karibu na mwalo aweza kuwaongoza wanafunzi wapime urefu wa sangara 100 na kuchora grafu. Je, wangapi hawajafika sentimita 50? Jibu litaonyesha kama kijiji kinakula faida au mtaji.