Kushambulia katika mchezo wa Go

Kushambulia katika mchezo wa Go ni kuliandama kundi la kete za mpinzani ambalo bado halina uhakika wa kubaki hai, ili kupata faida ubaoni.

Go ni mchezo wa watu wawili ulioanza China zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Huchezwa juu ya ubao wenye mistari 19 kwa 19, yaani makutano 361, na mshindi ni mwenye eneo kubwa zaidi. Kete zilizozingirwa hadi zikakosa makutano tupu ya kupumulia hutekwa. Kundi lenye "macho" mawili, yaani nafasi mbili tupu zilizotengana ndani yake, haliwezi kutekwa.

Kuchagua shabaha

Kundi la kushambuliwa ni lile lisilo na macho mawili wala njia rahisi ya kuungana na wenzake. Kushambulia kundi imara ni kupoteza zamu. Mchezaji hukagua pia usalama wa kete zake, kwa sababu anayeshambulia akiwa dhaifu hugeuziwa kibao.

Kuchagua mahali pa kuweka kete

Wanaoanza hupenda kubandika kete ubavuni mwa kundi wanaloliwinda. Mpinzani hujibu, na kila jibu humwongezea nguvu. Kwa hiyo hushambuliwa kwa mbali, kwa njia kama hizi:

* Kufunika: kuweka kete upande wa katikati ya ubao ili kuziba njia ya kutokea.
* Hatua ya farasi: kusogea kama farasi wa sataranji, mbele ya kundi linalokimbia.
* Kuondoa macho: kukalia mahali ambapo mpinzani angejenga jicho.
* Kuegemea: kusukuma kundi lingine lililo imara ili kujenga ukuta, kisha kuligeukia lile dhaifu.

Faida ya shambulio

Tuseme Nyeusi anataka eneo la kulia. Atashambulia kutokea kulia, na kila Nyeupe anapokimbia kuelekea katikati, kete za Nyeusi zinazomfuata huzungushia eneo hilo uzio. Mwishoni Nyeupe anaweza kupata macho yake mawili, lakini Nyeusi amekwisha kuvuna.

Masao Kato (1947–2004) wa Japani aliitwa "Muuaji" kwa kuangamiza makundi makubwa. Hata hivyo, mashambulizi mengi mazuri huishia bila kundi kufa. Hatua bora ni ile inayomwachia mpinzani uhai tu, na mshambuliaji akabaki na eneo.