Kijumba cha Mwingereza na Nyumba ya Nyasi ya Kiboko

Aghalabu kalenda zinazotundikwa katika maduka ya kando ya barabara huwa na picha ya kijumba cha kijijini Uingereza: kuta nyeupe, madirisha madogo, maua mlangoni na paa nene la nyasi. Mteja huitazama akavutiwa, akasema hao ni watu waliostaarabika. Atoke hapo dukani Kiboko, aipe kisogo Barabara ya Mombasa na kutembea kidogo, ataiona nyumba nyingine ya udongo na nyasi. Hiyo ataiita nyumba ya maskini.

Lakini nyumba hizo mbili ni ndugu. Kijumba cha Mwingereza, katika sehemu nyingi za nchi ile, kilijengwa kwa nguzo za mwaloni. Kati ya nguzo zikasukwa fito, na fito zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Weupe unaotupendeza ni chokaa tu. Huko Devon hata nguzo hazikuhitajika. Ukuta mzima ni udongo uliokanyagwa pamoja na majani. Mkamba yeyote aliyewahi kukandika nyumba angeweza kuishika kazi hiyo bila kufundishwa. Na serikali ya wana wa vijumba hivyo ndiyo iliyoweka kodi ya vibanda katika nchi hii mwaka wa 1901!

Tofauti basi i wapi? Watu wa Devon husema kwamba nyumba ya udongo hudumu ikipewa viatu vizuri na kofia nzuri. Viatu ni msingi wa mawe unaouinua udongo juu ya maji na unyevu. Kofia ni paa la mwinamo mkali, lenye upenu mpana unaoyatupa maji mbali na ukuta. Zipo nyumba za namna hiyo zilizopita miaka 400.

Nyumba zetu nyingi hazina viatu. Nguzo huchimbiwa moja kwa moja ardhini, mchwa wakaanza karamu yao. Mvua za Novemba nazo huumenya ukuta kutoka chini. Ikianguka, twaulaumu udongo. Kisha twajenga kwa matofali ya kuchoma, ambayo tanuri lake hula miti ya nchi kame isiyo na miti ya kuchezea, na kuezeka mabati. Sikatai, mabati hukinga maji ya kunywa, na katika Makueni hilo si jambo dogo. Lakini aliyewahi kulala mchana chini ya mabati yasiyo na dari, mwezi wa Februari, haitaji kuelezwa ubora wa nyasi.

Waingereza nao waliwahi kuvidharau na kuvibomoa vijumba vyao. William Morris na wenzake walianzisha chama cha kuyatetea majengo ya kale mwaka wa 1877, na sheria ya 1947 ikaweka utaratibu wa kuyaorodhesha majengo yasiyobomolewa ovyo. Leo mwenye fedha hununua kijumba cha mkulima kwa bei ya kutisha, akamtafuta fundi wa kuezeka nyasi.

Huku kwetu mtalii hulipa ghali alale chini ya paa la nyasi hotelini, huku mzee aliyejua kuliezeka akikaa bila mwanafunzi. Vyuo vyetu vya ufundi hufundisha uashi wa mawe na saruji. Mbona visimwite mzee huyo, angali na nguvu za kupanda ngazi?